Kisu Kinachoshuka na Mwenyewe

Tarehe 27 Februari 1920 ndege kubwa aina ya Vickers Vimy ilijaribu kupaa kutoka Tabora, haikufika mbali. Injini ilileta hitilafu, ndege ikaanguka na kuvunjika. Ndani walikuwamo watu 5: marubani Cockerell na Broome, mafundi wawili, na Dk. Peter Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa akiliwakilisha gazeti la The Times. Walikuwa wameondoka Brooklands, Uingereza, tarehe 24 Januari, wakiwania kuwa wa kwanza kuruka kutoka Cairo hadi Cape. Wote walitoka hai, ila safari ya Vimy iliishia hapo. Wapinzani wao, van Ryneveld na Brand wa Afrika Kusini, walifika Cape Town tarehe 20 Machi, nao waliwasili na ndege ya tatu baada ya kuvunja mbili njiani. Kuanguka, siku hizo, kulikuwa sehemu ya ratiba.

Wale 5 walikuwa na bahati nyingine ambayo hawakuiomba: walianguka mjini. Reli ilikuwa imeshafika Tabora tangu 1912. Palikuwa na soko, visima, na miembe iliyopandwa zama za misafara. Lakini mtu akiitazama ramani ya nchi iliyouzunguka mji, kusini kuelekea Mto Ugalla, magharibi kuelekea Malagarasi, anaona kijani kisichokatika. Ndege ile ingeruka saa moja zaidi kabla ya injini kugoma, marubani wangejikuta katikati ya miombo, msimu wa mvua, mbuga zimejaa maji na nyasi zimempita mtu kimo. Hapo swali la kwanza lingekuwa la kawaida kabisa. Nani ana kisu, na kiko wapi?

Swali hilo majeshi ya anga ya dunia yamekuwa yakilijibu kwa zaidi ya miaka 80, na majibu yao yamebadilika mara nyingi. Pori la Unyamwezi lina jibu lake, la zamani zaidi, na ni vizuri kuanza nalo.

Anayelijua pori hilo kuliko wote ni mrina asali. Asali ya Tabora inatoka kwenye miti ile ile ambayo mgeni anaiona imefanana yote: mtundu, muyombo, mninga, mkurungu. Mrina anapoingia porini hutembea na shoka dogo begani, panga au kisu kiunoni, na moto. Mtazame anapotengeneza mzinga wa gome. Anachagua mti ulionyooka, wakati wa mvua, kwa sababu utomvu ukiwa unapanda gome huachia upesi. Anakata duara moja kuuzunguka mti karibu na chini, duara la pili juu, halafu mstari mmoja wima kuyaunganisha. Anachomeka kipande cha mti kilichochongwa bapa chini ya gome na kukisukuma taratibu. Gome linatoka zima, kama shati linalovuliwa. Analirudisha katika umbo la mviringo, anabana kingo zake kwa vijiti vilivyochongwa ncha, anaziba pande mbili, mzinga umekwisha.

Katika kazi hiyo shoka limefanya sehemu kubwa. Kisu kimechonga vijiti. Ndiyo mgawanyo wa kazi wa pori lile: kizito kinakata, chepesi kinachonga, na hakuna mwenye akili anayevibadilishana.

Ustadi huo umewahi kubeba mzigo mkubwa kuliko asali. Mpelelezi Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873, wenzake Susi na Chuma waliamua kuurudisha mwili pwani. Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari mmoja Unguja, ndiye aliyeupasua. Moyo na matumbo vikazikwa chini ya mti, mwili ukatiwa chumvi na kukaushwa juani. Mwenzao Jacob Wainwright akachonga maandishi kwenye mti. Kisha wakachuna gome la mti likatoka zima mfano wa bomba, wakaulaza mwili ndani, wakaushonea turubai na kuufunga kwenye mti wa kubebea. Oktoba mwaka huo walikuwa Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora, penye tembe alilokaa Livingstone mwenyewe mwaka mmoja kabla. Kutoka hapo, ili kukwepa vijiji visivyotaka maiti ipite, waliufunga upya ufanane na mtumba wa nguo, kama maelfu ya mitumba mingine iliyopita njia ile. Ulifika Bagamoyo Februari 1874.

Kuna mambo mengi ya kusema kuhusu safari hiyo. Kwa sura hii linatosha moja: ukihesabu kazi za makali zilizofanyika, kupasua, kuchonga herufi, kuchuna gome, kukata mti wa kubebea, kushona, hakuna chombo kimoja ambacho kingeziweza zote vizuri. Msafara haukuwa na shida hiyo. Msafara ulikuwa karakana inayotembea. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 hivi za mali ya tajiri, na bado katika kundi la watu mia palikuwa na shoka la huyu, kisu cha yule, sindano ya mwingine, na jembe la Wasumbwa lililokuwa bidhaa na fedha kwa wakati mmoja.

Rubani hana msafara. Anashuka peke yake, au na mwenzake mmoja, na karakana yake yote ni ile iliyofungwa mwilini.

Wamarekani walipoanza kulifikiria jambo hili kwa makini, walianza na panga. Mwaka 1934 kikosi chao cha anga kilichukua kisu kikubwa cha kampuni ya Collins, namba 18, chenye bapa la karibu sentimita 23, kwa ajili ya marubani wanaoruka juu ya misitu ya nchi za joto. Kwa mtu wa Tabora hilo ni wazo la busara: panga fupi, zito mbele, linalokata fito kwa pigo moja. Vita Kuu ya Pili ilipokuja wakatoa panga la kukunja, bapa la sentimita 25 likiwa na ganda la chuma la kufunika makali, liingie kwenye mfuko wa dharura. Nalo ni wazo la busara, kwa karatasi. Panga la kukunja lina kiungo, na kiungo ndipo pigo linapoishia. Mhunzi yeyote angewaambia.

Kisha zikaja ndege za jeti, na viti vinavyofyatuka vikamrusha rubani nje kwa nguvu ya baruti. Hapo urefu ukawa adui. Chumba cha rubani wa jeti ni kama mtungi. Kila kinachotokeza kinaweza kukwama, na kilicholegea kinapeperushwa na upepo. Mwaka 1957 kiwanda cha Marble cha Michigan kilitengeneza kisu cha marubani wa jeti chenye bapa la sentimita 15. Hata hilo lilionekana refu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 likapunguzwa hadi sentimita 13 hivi, na umbo hilo limedumu mpaka leo: mpini wa vipande vya ngozi vilivyopangwa na kubanwa, kitako cha chuma cha kugongea, matundu mawili kwenye kikingio cha vidole ili kifungwe kwenye mti kiwe mkuki, na kifuko kidogo juu ya ala chenye kinoo.

Mgongo wa kisu hicho una meno ya msumeno, na hapo ndipo wanunuzi wengi wa visu vya aina hiyo hupotea. Kijana anakiona dukani, anayaona meno, anawaza kukata matawi. Akienda kukijaribu kwenye mninga mkavu, meno yanakwama kwenye pigo la tatu, na jasho linamtoka bure. Meno yale hayakutengenezwa kwa ajili ya mti. Kazi yake ni kuchana bati jembamba la ubavu wa ndege, ili mtu aliyenaswa ndani ya mabaki atoboe njia ya kutokea. Nje ya kazi hiyo hayana faida, tena yana hasara: yanaharibu mgongo wa kisu, ambao ndio unaopaswa kugongwa kwa rungu pale mtu anapotaka kupasua kuni. Rungu likipiga meno, rungu linaliwa.

Waingereza walikwenda upande mwingine. Kisu walichowapa wanaanga wao, kinachojulikana kama aina ya D, kina bapa la sentimita 18 na unene unaofikia milimita 6. Kina uzito wa karibu nusu kilo. Ni kipande cha chuma chenye mpini wa mbao uliopigwa ribiti, na waliokitumia wamekisema sana: hakichongi vizuri, hakikati vizuri kama panga, ni kizito kiunoni. Yote ni kweli. Lakini hakivunjiki. Unaweza kukigonga mgongoni mpaka rungu lipasuke, ukakitumia kubandulia mlango wa ndege, kikabaki kizima. Kwa mizani ya mwandishi wa sura hii kisu hicho ni shoka lililokosea umbo, na katika miombo hilo si tusi.

Kabla ya kuni na mzinga, hata hivyo, kuna dakika ambayo vitabu vya porini huisahau. Rubani aliyeruka na parachuti juu ya miombo hashukii ardhini. Anashukia juu ya miti. Mtundu uliokomaa una kimo cha mita 10 hadi 20, matawi yametandaa kama mwavuli, na kitambaa cha parachuti kikishalala pale juu, mtu anabaki ananing'inia kwenye kamba zake, pengine mkono mmoja umevunjika. Kisu chenye ncha kali, mkono unatetemeka, tumbo lenyewe liko sentimita chache kutoka kwenye kamba: hapo ndipo watu hujichoma. Kwa ajili ya dakika hiyo jeshi la anga la Marekani lilitoa kisu kidogo cha kukunja chenye mpini wa rangi ya machungwa. Upande mmoja kina bapa linalofyatuka kwa kubonyezwa, upande wa pili ndoano yenye makali ndani. Ndoano hukaa wazi muda wote. Unaivuta kamba ndani yake kama mkulima avutavyo mtama kwa mundu, inakatika, na ncha haigusi mtu. Rangi ile kali nayo ina sababu: kikianguka kwenye majani makavu kionekane.

Visu vya karne hii vimefuata njia hiyo ya kutenganisha kazi. Jeshi la nchi kavu la Marekani, kwa wanaanga wa helikopta, lilikubali seti ambayo kisu chake kinachana ubavu wa ndege na kuvunja kioo kwa kitako, na kikata mikanda kidogo kimewekwa kando kwenye ala. Kwa maneno mengine wamerudi kwa mrina asali: chombo kimoja kwa kazi nzito, kingine kwa kazi ya karibu na mwili.

Ncha butu nayo ina historia yake, na kuielewa yafaa kushuka magharibi mpaka mwisho wa njia ya msafara. Mwaka 1916 Wabelgiji walisafirisha ndege nne za majini aina ya Short mpaka Ziwa Tanganyika, wakaziweka upande wa Kongo, na kutoka huko zikawa zinavuka maji kwenda kuipiga mabomu Kigoma, ilipokuwa imeegeshwa meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ile ambayo baadaye iliitwa Liemba. Kigoma ilitekwa Julai, Tabora tarehe 19 Septemba. Kila safari ya ndege zile ilipita juu ya ziwa ambalo kina chake kinafika mita 1,470. Kisu kikimponyoka mtu pale, kimekwenda. Jeshi la anga la Uingereza lilipokuja kutengeneza kisu cha boti za mpira, katika vita iliyofuata, lilikipa mpini wa kizibo ili kielee na ncha ya mviringo ili kisitoboe boti. Porini kisu hicho hakifai hata kuchimba funza. Ziwani hakina mpinzani.

Kisa kinachoeleza mambo haya vizuri zaidi kilitokea upande wa pili wa nchi, pwani. Tarehe 6 Januari 1917 rubani Edwin Moon wa kikosi cha anga cha wanamaji wa Uingereza aliruka juu ya delta ya Rufiji pamoja na Kamanda Richard Bridgeman. Injini ikaharibika, wakatua kwenye kijito kimoja, wakaiteketeza ndege isiangukie mikononi mwa adui. Siku tatu walizunguka bila chakula cha maana. Maelezo ya nishani aliyopewa Moon yanasema kichaka cha kingo kilikuwa hakipenyeki, hata wakalazimika kuogelea kuvuka vijito mara kwa mara. Siku ya pili waliunda chelezo kwa boriti tatu na fremu za madirisha ya kimiani. Walipiga kasia na kuelea siku mbili. Asubuhi ya tarehe 9 maji yakawatoa baharini, na Bridgeman, ambaye hakuwa mwogeleaji hodari, akafa kwa uchovu na baridi ya maji. Moon alifika ufukoni jioni, akashikwa na Wajerumani.

Ni rahisi kusema kwamba panga lingewaokoa. Mtu wa Rufiji angecheka. Mkoko mbichi ni mzito kuliko maji. Chelezo cha mikoko kinazama kabla ya abiria kupanda. Waliofanya biashara ya boriti za delta ile walizipakia kwenye majahazi. Fremu za madirisha, mbao kavu zilizokwisha kuchongwa na seremala wa mtu mwingine, zilikuwa chaguo la busara kuliko msitu mzima uliowazunguka. Ambacho makali yangewapa ni kamba zaidi, njia fupi kupenya kichaka, na pengine madafu kama wangekutana na minazi. Hayo si madogo kwa mtu anayeogelea na njaa. Lakini kisu hakijui mahali kilipo. Anayejua ni aliyekishika, na maofisa wale wawili waliijua delta kutoka juu.

Kwa hiyo tukirudi Unyamwezi, kisu cha mwanaanga kinapaswa kuweza nini hasa? Hakihitaji kuangusha mtundu. Hakuna haja. Kibanda cha usiku kinataka fito za unene wa kidole gumba, nyasi, na kamba, na kamba iko kwenye mti mchanga wa muyombo: kata gome karibu na shina, livute kwa mkono kuelekea juu, linachanika refu kama utepe. Kiangazi linagoma kidogo, lakini kiangazi kitambaa na kamba za parachuti zitatosha. Moto wa kupekecha unataka kijishimo na mfereji mdogo vilivyochongwa kwa ncha nyembamba kwenye ubao, na ulindi ulionyooka. Hapo kisu kinene cha Waingereza kinaaibika. Maji ya kiangazi yako chini ya mchanga wa makorongo, na kuyachimba kwa kisu ni kukiua. Chonga kwanza mti wa kuchimbia, kisu kirudi kwenye ala.

Kutokana na kazi hizo vipimo vinajitokeza vyenyewe. Bapa la sentimita 12 hadi 15. Unene wa milimita 4 au 5. Mgongo bapa usio na meno. Chuma cha mpini kiwe kimoja na chuma cha bapa mpaka kwenye kitako, kwa sababu kisu kilichounganishwa ndani ya mpini hukatika palepale kwenye kiungo, na hukatika siku unapokihitaji. Mpini uwe mnene, usiteleze kwa jasho wala damu. Kuhusu chuma, wauzaji watasifia kisichoshika kutu. Kwa marubani wa pwani na maziwani wana hoja. Kwa pori la Tabora chuma cha kawaida kilichopakwa rangi kinafaa zaidi: kinanoleka kwenye jiwe lolote la korongoni, na ukikiacha na kutu wiki moja bado kinakata. Mafundi wanaofua visu kwa springi za magari wanalijua hilo bila kusoma popote. Springi hutengenezwa kwa chuma cha kupinda na kurudi bila kuvunjika, ndiyo maana kisu chake, kikifuliwa vizuri, hakivunjiki kirahisi.

Bado vipimo vyote hivyo ni vya pili. Cha kwanza ni kwamba kisu kiwe mwilini, si kwenye mfuko ulio nyuma ya kiti. Mfuko unaweza kuungua na ndege, unaweza kutua ng'ambo ya mto, unaweza kunasa kwenye tawi la mita 15. Kisu kifungwe kifuani au pajani, ala ikiwa na kifungo kinachohimili kufyatuliwa, na ugwe wa kukishikiza mkononi kila kinapotolewa.

Na kijaribiwe kabla ya kuruka. Vaa vazi lote, jifunge mikanda kwenye kiti, fumba macho, ukitoe kwa mkono wa kulia na kukirudisha. Kisha rudia kwa mkono wa kushoto peke yake, wa kulia ukiwa umefungwa. Kama hukukitoa, hamisha ala mpaka ukitoe.